Madaftari 19 na Kitabu Kisichoandikwa: Uchambuzi wa Kisa cha Likizo ya Sabatiko

Utangulizi

Fomu ya ripoti ya mwisho wa likizo ina kisanduku cha kuweka alama: lengo limetimia, au halijatimia. Profesa M. aliweka alama kwenye "halijatimia", akasaini, akaniletea ofisini. Wakati huo nilikuwa mkuu wa idara yake, na saini yangu ilikuwa ya pili kwenye maombi yaliyompeleka likizo mwaka mmoja kabla. Jibu lake lilikuwa la kweli. Hata hivyo, mtu ambaye angeisoma fomu ile peke yake asingejua lolote la maana kuhusu mwaka wenyewe.

Ninakiandika kisa hiki kwa wahadhiri wanaojiandaa kuomba sabatiko, yaani likizo ya kufanya utafiti na kujiendeleza, na zaidi kwa wakuu wa idara wanaoziidhinisha, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ilikuwa upande wetu. Jina, chuo, nchi na aina ya msitu vimeondolewa, na baadhi ya nyakati zimesogezwa kidogo. Mhusika ameisoma rasimu na kuiruhusu, baada ya kusahihisha sehemu mbili ambazo nilimsifu kupita kiasi.

Usuli

Sabatiko ni mwaka wa saba. Neno lenyewe linatokana na sabato ya Kiebrania, na Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza shamba lilimwe miaka 6, na mwaka wa saba ardhi ipumzike. Harvard iliuingiza utaratibu huo chuoni mwaka 1880, ikawapa maprofesa wake mwaka mmoja wa ruhusa katika kila miaka 7, kwa nusu mshahara. Mpango unaokutana nao katika vyuo vingi leo bado unafanana na ule: ama muhula mmoja kwa mshahara kamili, ama mwaka mzima kwa nusu mshahara, pamoja na sharti la kurudi na kukitumikia chuo kwa muda uliowekwa, la sivyo urejeshe fedha.

Mfano wa shamba una walakini wake. Shamba likipumzishwa haliandikiwi barua pepe.

Profesa M. ni mwanaikolojia wa misitu. Kwa miaka 18 alikuwa akipima miti ileile katika ploti zilezile, yaani vipande vya msitu vilivyotengwa kwa vipimo. Kila mwaka wasaidizi walizunguka na tepu wakipima unene wa shina kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kipimo ambacho wanamisitu wa nchi nyingi wamekizoea. Namba ziliandikwa kwenye daftari la mwaka husika. Vipimo vilikuwa 19, na madaftari 19, yamefungwa kwa mipira ndani ya sanduku la bati, mengine yakiwa na alama za vidole vya matope na wino ulioenea kwa mvua. Machache yalikuwa yameingizwa kwenye kompyuta. Mengi yalikuwa yakisubiri "nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Katika miaka 14 ya ajira yake pale, Profesa M. alistahili sabatiko mbili na hakuchukua hata moja. Zamu ilipofika mara ya kwanza kulikuwa na upungufu wa walimu. Mara ya pili mtaala ulikuwa unaandikwa upya, na yeye ndiye aliyeushika mwanzo hadi mwisho. Wenzake walimsifu kwa kujitolea. Nami nilikuwa miongoni mwao, na sasa naona kwamba sifa zile ndizo zilizotusaidia kumnyima haki yake bila mtu yeyote kujisikia vibaya.

Maombi na idhini

Andiko lake lilikuwa la kurasa nne, na lengo lake lilikuwa sentensi moja: kuandika kitabu kuhusu mabadiliko ya msitu ule kwa miaka 18. Kamati ililipenda. Kitabu kinahesabika, kina jalada, kinaweza kuwekwa mezani siku ya kupandishwa cheo. Hakuna mjumbe aliyeuliza hali ya data zenyewe. Mmoja aliuliza ni mchapishaji gani.

Alichagua mwaka mzima kwa nusu mshahara. Sababu yake ilikuwa ya busara: muhula mmoja ungeishia kwenye kuhama, kufungua masanduku na kuzoea maktaba mpya, halafu muda wa kurudi ungefika. Chuo mwenyeji kilimpa ofisi, haki ya kutumia maktaba, nafasi kwenye mikutano ya maabara moja, na posho ndogo. Ufadhili wa nje hakuupata, na hapa tatizo lilikuwa kalenda. Idhini ya seneti ilitoka miezi minne kabla ya safari. Programu za ufadhili wa wasomi kama Fulbright ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, hufunga maombi karibu mwaka mzima kabla ya safari. Kwa hiyo alipokuwa na barua ya idhini mkononi, mlango wa fedha ulikuwa umefungwa tangu zamani.

Kuhusu wanafunzi, makubaliano yalikuwa ya mdomo. Alikuwa akisimamia watano: watatu wa uzamivu na wawili wa uzamili. Siku ya kuagana walikusanyika ofisini kwake, nami nikiwa mlangoni. "Usijali, Profesa, tutakuandikia," mmoja alisema. Naye akajibu, "Andikeni tu, nipo." Tulicheka sote. Sikufikiri kwamba kauli ile ilikuwa ikigawa mwaka wake mbele ya macho yangu. Zaidi ya hapo, alibaki mhariri wa jarida la kitivo na mjumbe wa bodi ya mitihani, kwa kuwa hakuna aliyemwondoa.

Kilichotokea

*Miezi mitatu ya kwanza.* Profesa M. alikuwa na kijitabu ambamo kila jioni aliandika alichofanya. Alinionyesha baadaye. Wiki ya kwanza imejaa mipango, na hata michoro ya sura za kitabu. Kuanzia wiki ya tatu maandishi yanakuwa mafupi: "Rasimu ya J., sura ya 2." "Bodi, kwa simu, saa tatu." "Wahakiki wa jarida, wawili hawajajibu." Wiki ya kumi aliketi akahesabu. Siku 50 za kazi zilikuwa zimepita, na siku alizoandika chochote cha kitabu zilikuwa 17. Chini yake akaandika neno moja, "Nipo," akalipigia mstari mara mbili.

Kulikuwa pia na shinikizo la nusu mshahara. Mwezi wa tatu alipokea kazi ya ushauri ya wiki mbili ili kuziba pengo la fedha. Sitamlaumu mtu kwa kulipa kodi ya nyumba, ila wiki mbili hizo zilikatwa kwenye mwaka uleule uliotolewa ili asifanye kazi nyingine.

*Mwezi wa nne.* Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Maabara ya chuo mwenyeji ilikuwa na mkutano kila Jumatano, ambapo mtu mmoja huonyesha kazi ambayo haijakamilika. Zamu yake ilipofika, Profesa M. hakuwa na sura ya kuonyesha, akaonyesha namba. Alikuwa ameingiza madaftari tisa. Kijana mmoja, mtaalamu wa data wa maabara ile, aliomba faili, akachora grafu palepale: mstari mmoja kwa kila mti, mwaka hadi mwaka. Mistari ilipanda polepole kama inavyotarajiwa kwa miti. Kisha, kwenye mwaka wa nane, kundi zima la mistari likaruka juu, na mwaka wa tisa likaporomoka mahali pake.

"Mwalimu," yule kijana akauliza, "miti hii mwaka huo ilikula nini?"

Watu walicheka, Profesa M. naye akacheka, lakini usiku ule hakulala. Alilifungua daftari la nane akidhani amekosea kunakili. Hakuwa amekosea. Mti namba 114 ulikuwa na sentimita 19.8 mwaka wa saba, 63.1 mwaka wa nane, na 20.4 mwaka wa tisa. Aligawanya 63.1 kwa 3.14. Jibu lilikuwa 20.1.

Kwa msomaji asiye wa fani hii: tepu za kupimia miti ziko za aina mbili. Tepu ya kawaida inasoma mzingo wa shina. Tepu ya kipenyo nayo huzungushwa vilevile, ila alama zake zimekwisha kugawanywa kwa pai, hivyo unasoma kipenyo moja kwa moja. Ukizishika mkononi hazitofautiani sana. Mwaka ule, katika baadhi ya ploti, mtu alikuwa ametumia tepu ya kawaida, akaandika mzingo kwenye safu iliyoandikwa "kipenyo" juu yake. Daftari halikusema lolote. Baadaye Profesa M. alimpata kwa simu mmoja wa wasaidizi wa zamani, ambaye alikumbuka vizuri: tepu moja ilikatika, wakaazima nyingine, na hakuna aliyeuliza ni ya aina gani.

Daftari la nane lilikuwa rahisi kurekebisha, maana ploti nzima zilikuwa za mzingo. Tatizo kubwa lilikuwa madaftari mengine mawili ambamo aina zote mbili zilichanganyika katika ukurasa mmoja, na miti michanga iliyopimwa mara ya kwanza mwaka huo haikuwa na namba ya nyuma ya kulinganisha. Zaidi ya hayo, makala moja iliyochapishwa miaka kadhaa kabla, Profesa M. akiwa mwandishi wa pili, ilikuwa imetumia sehemu ya namba hizo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukiacha kitabu. Aliniambia kwamba ulimchukua siku mbili, na siku moja kati ya hizo ilikuwa ya kujionea huruma. Hoja yake ilikuwa kwamba kitabu kilichojengwa juu ya namba ambazo hazijakaguliwa kingekuwa na kosa lilelile, safari hii likiwa na jalada gumu. Akageuza mwaka uliobaki kuwa mwaka wa kusafisha data, na wa kujifunza kuzisafisha mwenyewe.

Hilo la "mwenyewe" ni uamuzi wa pili, na wenzake walilipinga. Chuo mwenyeji kilikuwa na mtaalamu. Kwa nini profesa wa miaka mingi akae kujifunza programu ya takwimu ya R kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza? Alijibu kwamba kosa lilikaa miaka kumi kwa sababu yeye hakuwahi kuzichora namba zake mwenyewe. Kila mara alipewa jedwali lililokwisha kutengenezwa na mwanafunzi, na jedwali la wastani huficha miti inayoruka. Basi kila asubuhi alikaa saa mbili na yule kijana, naye kijana akawa mwalimu. Naambiwa ilichukua muda kwa kijana kuacha kuomba radhi kabla ya kumwambia amekosea.

Uamuzi wa tatu, barua kwa jarida. Aliwasiliana kwanza na mwandishi mkuu wa makala ya zamani, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ni mhadhiri kwingine. Mazungumzo yale hayakuwa mepesi. Walirudia hesabu kwa namba sahihi. Mwelekeo wa hitimisho ulibaki, lakini jedwali moja lilibadilika kabisa. Wakaomba marekebisho yachapishwe, kabla mtu mwingine hajaligundua kosa.

Uamuzi wa nne ulikuwa wangu, na niliuchelewesha. Mwezi wa tano aliniandikia akiomba kila mwanafunzi apewe msimamizi msaidizi mwenye mamlaka ya kusaini. Nilichukua wiki saba. Nilikuwa na sababu zangu, mitihani na bajeti, na hazina haja ya kurudiwa hapa. Wasimamizi walipopatikana, naye alijiuzulu uhariri na kuweka utaratibu wa kujibu barua za chuo siku ya Ijumaa tu. Kijitabu chake kuanzia mwezi wa saba ni kama cha mtu mwingine: maelezo marefu, maswali, na karibu hakuna jina la mwanafunzi.

Kulikuwa na uamuzi wa tano ambao haukufanywa. Hakuna aliyeiandikia kamati kwamba lengo la likizo limebadilika. Kanuni ziliruhusu kubadilisha lengo kwa barua moja yenye sababu. Profesa M. aliona aibu, nami nikaona ni mapema mno.

Matokeo

Madaftari yote 19 yaliingizwa, yakakaguliwa na kuwekwa kwenye hifadhi ya wazi ya data, yakapewa namba ya kudumu ya DOI, ambayo humwezesha mtu yeyote kuzipata na kuzitaja data hizo. Namba zilizorekebishwa zina alama yake, na zile ambazo haikuwezekana kujua ni mzingo au kipenyo zimeachwa na alama nyingine badala ya kubahatishwa. Makala moja ilichapishwa, yule kijana akiwa mwandishi wa pili. Marekebisho ya makala ya zamani yalichapishwa pia. Fomu ya kujazia vipimo msituni ilibadilishwa: sasa ina safu ya aina ya tepu, na mstari wa kuandika namba ya mwaka uliopita kando ya namba mpya, ili mpimaji aone mruko akiwa bado msituni. Kozi ya mbinu za utafiti ya mwaka wa tatu sasa inaanza na daftari la nane. Wanafunzi wanapewa namba bila maelezo yoyote, kisha wanatakiwa wazichore.

Kitabu kina sura mbili.

Aliporudi, tulimpa kozi nne muhula wa kwanza, ili "kufidia". Ilikuwa kawaida yetu na hakuna aliyeihoji. Makala ya pili aliyokuwa ameifikisha nusu ilikaa miezi minane bila kuguswa.

Uchambuzi

Kamati yetu ilipokutana kukijadili kisa hiki, wengine walisema likizo ilishindwa ikaokolewa na bahati. Sikubaliani nao. Bahati ilikuwa grafu moja ya Jumatano. Lakini mtu hufika kwenye bahati ya namna hiyo akiwa mahali ambapo kazi mbichi huonyeshwa bila aibu, na ambapo yeye ni mgeni, hana cheo cha kulinda mbele ya vijana. Nyumbani, sidhani kama kuna mtaalamu wa data ambaye angethubutu kumuuliza Profesa M. miti yake ilikula nini. Hiyo ndiyo faida ya kwenda kwa wenyeji, na hakuna mahali pa kuitaja kwenye maombi yetu. Sisi huuliza mwombaji anakwenda chuo gani. Hatuulizi anakwenda kukaa na nani, na watakutana mara ngapi.

Kilichofanya kazi pili ni kule kujifunza kitu kipya kabisa. Vyuo hupenda kutenga "utafiti" na "kujiendeleza kitaaluma" kama mambo mawili, kila moja na kifungu chake, na waombaji hujua kwamba la kwanza lina heshima zaidi. Kwa Profesa M. yalikuwa jambo moja. Bila saa mbili za kila asubuhi, data zisingesafishwa. Na bila data chafu, asingekuwa na sababu ya kuvumilia saa zile. Wapo wahadhiri wanaokwenda likizo kufanya zaidi ya kile wanachokijua tayari, na hurudi na makala tatu. Siwadharau. Nasema tu kwamba makala tatu hizo labda wangeziandika hata bila kuhama.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya safari. Likizo ya mwaka mmoja inahitaji maandalizi ya karibu mwaka mwingine: kuomba fedha nje, kukabidhi wanafunzi kwa maandishi, kujitoa kwenye bodi, na katika kisa hiki kuingiza walau madaftari matano na kuyachora. Kama daftari la nane lingefunguliwa nyumbani, miezi minne ya mwanzo ingeokolewa na andiko lingekuwa la kweli. Kamati nayo ingeweza kudai hilo kwa swali moja: tuonyeshe kipande cha data utakazotumia. Tulidai jina la mchapishaji.

Kuhusu muda, naona sasa kwamba uchaguzi kati ya muhula na mwaka haukuwa hoja kubwa kama tulivyodhani. Mwaka wake ulikuwa na miezi sita ya kazi ya kweli. Muhula mmoja wa mshahara kamili, wanafunzi wakiwa wamekabidhiwa ipasavyo na bila ile kazi ya ushauri, ungempa karibu muda uleule. Kwa mtu ambaye data zake ziko tayari ningependekeza muhula. Kwa mtu anayekwenda kujifunza mbinu mpya ningependekeza mwaka, ila fedha zipatikane kwanza.

Ile fomu tumeibadilisha. Kisanduku cha "halijatimia" kimeondolewa, na mahali pake pana nafasi ya kueleza lengo lilibadilika lini na kwa nini. Mzigo wa muhula wa kwanza baada ya kurudi sasa hauwezi kuzidi wa kawaida. Mabadiliko hayo yalipita bila ubishi.

Lililobaki bila jibu ni la mwanafunzi J., yule ambaye sura yake ya pili inatajwa mara nyingi kwenye kijitabu. Katika wiki zile saba nilizochelewa, Profesa M. alikuwa ameanza kupunguza majibu, na msimamizi mpya alikuwa hajateuliwa. J. alisubiri, akapitwa na tarehe ya kuwasilisha, akapoteza muhula na ada yake. Nilipompa rasimu ya makubaliano mapya ya kukabidhi wanafunzi ili atoe maoni, aliisoma mara mbili. Saini zilikuwa tatu: ya anayekwenda likizo, ya msimamizi msaidizi, na ya mkuu wa idara. Aliniuliza ya kwake ikae wapi.